Majina Matano ya Tangawizi

"Chumba changu!"

"Chako kwa lipi?"

"Tokeni hapa nyote wawili!"

Hapo zamani, zamani ya mwaka juzi tu, watu watatu waligombania chumba cha mbele cha duka la Bi Nakijwa, huko milimani Upare. Kodi yake laki na nusu kwa mwezi. Bi Nakijwa, muuza tangawizi, alikuwa ametamka mbele ya watu: atakayefanya majina yake mapya matano ya tovuti yafunguke kabla ya Ijumaa adhuhuri, atakaa humo bure mwaka mzima. Mnunuzi wa Mombasa alitaka kuona tovuti za vikundi vyote vitano vya wakulima wanaomletea Bi Nakijwa tangawizi. Asipoziona, hanunui. Na tangawizi ilikwisha kung'olewa.

Mbonea, wa kwanza wa hao watatu, akayasajili majina yote matano. Lakini jina jipya la tovuti halijui kwake. Lazima liandikiwe seva mbili, yaani kompyuta za mbali za kulielekeza. Senkondo, wa pili, akaandika: mbili, mbili, mbili, mbili, mbili. Hakukosea hata herufi.

Kisha kimya. Habari ya seva huizunguka dunia polepole, pengine siku mbili. Ukungu ukashuka, majina yakalala. Jumatano halikufunguka hata moja. Senkondo akapandwa na hasira.

"Nabadilisha seva!"

Namkunda, wa tatu, fundi cherehani aliyewahi kuiharibu tovuti yake hivyo hivyo, akaifunga kompyuta kwa kitenge, akaipakata.

"Ukibadilisha, tunaanza kusubiri upya. Usiguse."

"Dada, nipe!"

"Sikupi."

Akaipakata kutwa. Akaipakata na kesho yake. Ukungu ukaingia dirishani, ukatoka, kama pumzi ya mtu aliyelala. Alhamisi jina moja likaamka. Halafu la pili. Halafu la tatu, taratibu, kana kwamba linaota. Ijumaa asubuhi mnunuzi akapiga simu: "Nimeyaona yote matano. Pakieni."

Ndipo ugomvi ukaanza.

Mbonea: "Bila mimi mngeelekeza nini? Hewa?"

Senkondo: "Jina bila seva ni maandishi tu. Kazi nimefanya mimi. Huyu mama alikaa!"

Namkunda: "Ndiyo, nilikaa. Ungeweza kukaa wewe, ningekuwa kwenye cherehani yangu."

Sasa msiniambie wagawane. Humo haziingii meza mbili. Wala msiniambie mtafikiria. Bi Nakijwa aliahidi, atoe. Je, chumba ampe nani?