Vidonge vya Homoni vya Bi Tunu

Hapo zamani, si zamani sana, maana wenyewe wangali hai na wangali wanabishana, palikuwa na mpishi wa pilau za harusi mjini Pangani, jina lake Bi Tunu. Hedhi ilipomkoma, alianza kupandwa na joto la ghafla, jasho likamtiririka, usingizi ukamkimbia. Akaenda kwa daktari, akisindikizwa na dada yake, Mgeni.

Sasa sikilizeni werevu wa watu wazima.

Daktari akauliza, macho kwenye simu yake, "Kwenu kuna ugonjwa wa moyo?"

Mama yao alikufa kwa moyo. Kaka yao pia, akiwa hana hata mvi. Lakini Mgeni alikuwa anamwoza binti yake, hakutaka wakwe wasikie kuwa ukoo una maradhi. Akadakia, "Kwetu? Hatujui hata mafua!"

Tunu akanyamaza. Aliogopa akisema kweli atanyimwa dawa.

Na daktari? Mashine ya presha ilikuwa pale mezani, ameiegemezea kikombe cha chai. Hakuigusa. Akaandika vidonge vya homoni, akaita mgonjwa mwingine.

Tunu akalala usingizi mtamu, akavisifia vidonge mji mzima. Siku ya harusi yenyewe ya binti wa Mgeni, akiwa anainua sufuria, kifua kikambana, akaanguka jikoni.

Hakufa. Ila sufuria hainui tena. Daktari wa moyo aliyemtibu alishangaa: "Presha hii ni ya siku nyingi! Wapo wenye maradhi ya moyo katika ukoo wanaotumia homoni salama, lakini hupimwa kwanza, wakachaguliwa dawa inayowafaa."

Basi vita vikazuka kitandani kwa mgonjwa.

"Niliuliza, nikadanganywa," daktari wa kwanza akafoka. "Mimi si mpiga ramli!" Kana kwamba presha hupimwa kwa ramli.

Mgeni akabinua midomo. "Mdomo anao, na mwili ni wake. Mimi nilikuwa namsitiri mwanangu." Amsitiri binti kwa kutaka kumzika mama yake mdogo!

Tunu akawatazama. "Mimi nilikuwa silali, nimechanganyikiwa. Nyinyi mliokuwa mnalala, kisa chenu nini?" Lakini mama aliyekufa alikuwa wake pia, na alijua kilichomuua.

Haya, mabingwa wa kuhukumu, msiniangalie mimi. Aliyeuliza asipime, aliyejibu uongo, na aliyeujua ukweli akaumeza pamoja na vidonge: nani hasa aliyemwangusha Tunu?