Kitanda cha Bi Mosi

Paukwa!
Pakawa!
Masikio mnayo?
Tunayo!
Basi yashikilieni, mbele kuna vitisho.

Hapo kale palikuwa na mjane, Bi Mosi, na bintiye Mwanaidi, mja mzito. Bi Mosi alikuwa na hofu moja tu: mwanawe asije akafa na uzazi. Hofu hiyo aliijua sana Fundi Kitwana, mwaguzi wa mji, mtu wa kusoma dalili hata kwenye kijiko.

Ufagio ukaanguka. Bi Mosi mbio kwa Fundi.

"Fundi wee, ufagio umeanguka!"

"Ala! Hicho kifo, mama. Ulete niupoze kwangu."

Akauchukua.

Kinu kikapata ufa. Bi Mosi mbio kwa Fundi.

"Fundi wee, kinu kimepasuka!"

"Ala! Hicho kifo, mama. Kilete nikipoze kwangu."

Akakichukua, na mchi wake. Mchi haukuwa na ufa, lakini haya.

Kitanda kikalia kweche, kweche, kweche. Mwanaidi akacheka.

"Mama, kamba zimelegea tu. Na mimi nimenenepa!"

Wapi! Bi Mosi mbio kwa Fundi. "Ala!" Kitanda nacho kikaenda.

Asubuhi moja uchungu ukamshika Mwanaidi, yuko sakafuni.

"Mama, mgongo! Kitanda changu kiko wapi?"

Bi Mosi aliona aibu sana. Akatoka mbio kukifuata.

Akamkuta Fundi uani kwake, amejibanza ukutani. Ndani vyombo vinasema.

"Kitwana," ufagio ukaita, "uliniita kifo. Nimekileta. Nimpe nani?"

"Kitwana," kinu kikaita, "uliniita kifo. Nimpe nani?"

"Kitwana," kitanda kikaita, "nimpe nani?"

"Mpeni huyu mama!" Fundi akapiga kelele, akatoka nduki.

Bi Mosi aliogopa, lakini akaingia.

"Mama," kitanda kikauliza, "mimi ni nini?"

"Wewe kitanda. Mwanangu anataka kulala."

Kitanda kikashusha pumzi. "Afadhali. Ile kazi nyingine siiwezi."

Akakibeba kichwani hadi nyumbani. Kabla ya adhuhuri mtoto akalia, na mama yake mzima.

Hadithi yangu imefika mlangoni. Ikiwa tamu ondokeni nayo, ikiwa chachu niachieni mwenyewe. Anayekutisha kwa chombo chako, mtazame kwanza anakipeleka wapi. Na Fundi Kitwana? Bado anakimbia. Kiatu kilimvuka njiani, akaogopa kurudi kukiuliza maana yake.