Jino Lililofungua Chupa

Mwenze alikuwa fundi katika karakana ya reli ya Kamina, na katika bendi ya parokia ndiye aliyekuwa mpiga tarumbeta wa kwanza. Mwaka ule wa 1954 alikabidhiwa kupiga peke yake wimbo wa Bikira Maria siku ya sikukuu ya Kupalizwa. Alingoja siku hiyo kwa hamu kubwa.

Lakini alikuwa na majivuno ya kipuuzi: kufungua chupa za bia kwa meno. Jumapili moja, baada ya mazoezi, aliuma kifuniko, akasikia “ka!” ndani ya kichwa. Kifuniko kilitoka, watu wakashangilia, naye akatabasamu huku machozi yakimlenga.

Tangu hapo, maji baridi yalimchoma. Akitafuna bukari, ule ugali wao wa kila siku, hakuumia, aliumia alipoachia. Kisha kwa siku mbili tatu maumivu yalikuwa yakitoweka, naye akajiona amepona.

“Baba Kyungu, enda kwa munganga wa zahanati,” mkewe Noémie alimsihi, akimwita kwa jina la mtoto wao.

“Nitamwambia nini? Kama nilivunja jino na chupa? Batanicheka!”

Kwa kuona haya, akamwendea mwenzake Kitwa wa karakanani, mwenye koleo na mkono mzito. Akamwonyesha jino alilodhani ndilo linalouma. Lo! Likang'olewa jino zima kabisa, lisilo na kosa lolote, na kesho yake maumivu yakawa palepale.

Ndipo akaenda kwa Manassé, muuguzi wa zahanati, akadai ni mdudu. Manassé hakubishana. Alimpa kijiti akiume kwa jino moja baada ya jingine.

“Uma. Sasa achia.”

Kwenye gego la nyuma, Mwenze aliruka kitini.

“Haina mududu, iko ufa,” Manassé alisema. “Ukiuma unafunguka, ukiachia unajifunga, njo unasikia maumivu. Jino ingali muzima. Miye nitakuandikia barua, upande treni ya kesho, dakitari wa meno kule Elisabethville ataivalisha kofia ya chuma. Ukichelewa itapasuka mpaka mu muzizi, na hapo hakuna dawa: ni kung'oa.”

“Nitaenda nyuma ya sikukuu. Zimebakia wiki mbili tu.”

“Weye unajua,” Manassé alijibu, akamkabidhi barua.

Barua ilikaa mfukoni. Kwa bahati mbaya maumivu yalitulia tena, na Mwenze akamcheka Manassé mbele ya mkewe. Siku tatu kabla ya sikukuu, alitafuna hindi la kuchoma, gego likapasuka vipande viwili. Kufikia asubuhi shavu lilikuwa limevimba kama andazi. Manassé aling'oa vipande kimoja kimoja, akakamua usaha, akamkataza kupuliza kitu chochote kwa mwezi mzima.

Siku ya sikukuu, tarumbeta ilipigwa na Umba, aliyekuwa akikaa nyuma yake kwenye mazoezi. Mwenze alisimama na mkewe pembeni ya umati, pamba mdomoni, akiumia moyo kuliko fizi. Zaina, mfanyabiashara aliyezoea kumuuzia Noémie nguo, alikuja kutazama maandamano, lakini hakuona waliokuwa mbele wala hakumtambua Mwenze. Akamgusa Noémie begani.

“Yo! Leo bwana yako anapiga muzuri kupita siku zote!”

Noémie alimgeukia mumewe. Mwenze akainamisha kichwa.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta.