Nguli wa Benchi

Mbio za sakafuni huishia ukingoni. Sakafu si barabara. Hata ukiikimbilia kwa madaha namna gani, ukingo wake hauko mbali. Vivyo hivyo, anayejijengea jina kwa hila hufika mahali ambapo hila hiyo haina tena pa kukanyaga. Hayo ndiyo yaliyomkuta Lusweti wa mtaa wa Kaloleni, mwaka wa 1994.

Lusweti alikuwa kibarua wa kiwanda cha sabuni. Kila alfajiri alijipanga langoni asijue kama atachaguliwa au atarudishwa nyumbani. Mwaka huo klabu za mpira wa vikapu zilikuwa zimeanza kuwaajiri wachezaji, na kocha Wakiuru, mwanamke asiyecheka ovyo, alikuwa akitafuta mtu mrefu. Alimkuta Lusweti akibadilisha balbu katika ukumbi wa mtaa bila kupanda ngazi. Alipomwuliza kama amewahi kucheza, Lusweti, ambaye hakuwahi hata kuugusa mpira huo, alilikumbuka lile lango la kiwanda. Ulimi ukamteleza. Alisema alicheza Misri miaka miwili, tena kwa mshahara.

Akaajiriwa papo hapo, mwezi wa Machi. Siku ya kwanza ya mazoezi alifika akichechemea, akalalamikia goti. Wiki iliyofuata ilikuwa malaria. Kisha akafiwa na shangazi huko Bungoma, na kufikia Julai alikuwa amekwisha kuwazika mashangazi wanne. Wakiuru alimvumilia kwa sababu moja: wapinzani walipoliona lile jitu likikunja uso kwenye benchi, waliingiwa na baridi, wakakosa hata mipira rahisi. Timu ikashinda mechi baada ya mechi. Mtaani ikavuma kwamba nguli wa Misri anahifadhiwa kwa ajili ya fainali.

Sifa zikamlevya Lusweti. Alianza kuwakosoa wenzake, hata Kimani, kijana mfupi aliyeibeba timu mabegani, akamwambia anarusha mpira kama mtu anayemwaga takataka. Mkewe, Mourine, aliyasikia majigambo hayo, akaendelea kufua.

Siku ya fainali watu walifurika kama siafu kandokando ya uwanja wa saruji. Zikiwa zimesalia sekunde chache, timu ikiwa nyuma kwa pointi moja, Kimani aliteguka kifundo cha mguu. Kwenye benchi alibaki mtu mmoja. Lusweti alilishika goti lake haraka.

Wakiuru akamwinamia. "Kaka," alisema kwa upole, "goti hilo lizike pamoja na shangazi zako. Ingia."

Lusweti aliingia akichechemea. Mpira ukarushwa, akaudaka kwa tumbo. Akaukumbatia kama mama amkumbatiavyo mwanawe mchanga, kisha akatoka mbio bila kuudunda hata mara moja. Wapinzani walimpisha kwa hofu. Refa alipuliza kipenga mpaka mashavu yakamuuma. Lusweti alilipita goli lenyewe, akafika mwisho wa saruji, akajikwaa, na kuangukia vikapu vya nyanya vya mchuuzi Mama Nangila. Mpira haukuingia kikapuni. Aliyeingia ni Lusweti.

Fainali ikapotea hivyo. Wakiuru alimwuliza Misri walikuwa wakicheza mchezo gani. Lusweti, nyanya zikimchuruzika masikioni, alijibu kwamba Misri haijui hata kwenye ramani. Kisha akamwendea Kimani mbele ya watu wote, akamwomba radhi, akamsaidia kutembea hadi nyumbani.

Jioni Mourine alimpanguza mbegu kichwani. "Mimi nilijua," alisema. "Mtu ninayemrushia kipande cha sabuni kikamponyoka mara tatu, atadaka mpira gani?"

Lusweti aliona haya, lakini usiku huo alilala fofofo, jambo ambalo hakulijua tangu Machi. Jumatatu alfajiri alikuwa langoni mwa kiwanda, mrefu kuliko wote. Vibarua wenzake walipomwomba awasimulie habari za Misri, aliwajibu kwa ufupi kwamba mbio za sakafuni huishia ukingoni.