Sheria ya Mheshimiwa Fuko

Hamjambo nyote? Haya, kaeni. Wewe wa mlangoni, ingia au toka, baridi inatumaliza. Nataka kimya.

Mna masikio?

— Tunayo!

Niyajaze?

— Jaza!

Palikuwa na Fuko, mkulima wa uwele. Mdogo, macho hafifu, lakini mikono! Chwa, chwa, chwa, kutwa anachimba. Yeye anafukua, mkewe anadondosha mbegu na kufukia kwa kisigino. Ndivyo walivyopanda, wawili wao, kila mwaka.

Basi uwele ukikomaa tu, Kiboko huyo, anatoka mtoni. Ng'wafu! Ng'wafu! Shamba jeupe.

"Mjomba, hilo langu!" Fuko akalia.

"Bonde lote langu. Mimi mbunge. We nani?"

Fuko akaokota punje zilizosazwa siku tatu. Ya nne akaenda kisomo cha watu wazima, na mvi zake, akajifunza herufi moja moja kwa ncha ya kidole. Alipoweza kusoma, akagombea bunge la jimbo. Wanyama walikuwa na njaa. Wakamchagua.

Siku ya kwanza bungeni Kiboko akacheka, "Huyu wa matope atatuambia nini?"

"Mjomba, nimekuandikia sheria," Fuko akasema. "Inasema bonde lote lako."

"Ehee! Ana adabu huyu. Soma!"

Fuko akasoma: "Bonde lote ni la Kiboko. Mwenye shamba alilime. Jembe likilala chini siku saba, shamba si lake tena. Ni la atakayeliokota."

Kiboko alisikia mwanzo tu. "Ndiyooo!" Sheria ikapita.

Kesho yake akapewa jembe. Chwa moja, chwa mbili, jua likapanda. Pa! Ngozi ikapasuka. Pa! "Yelewii, mgongo wangu!" Akatupa jembe, mbio mtoni, chubwi! Siku saba hakutoka. Wanyama wakaliokota jembe, wakagawana bonde, kila mtu na shamba lake. Wakacheza ngoma mpaka vumbi likafunika jua.

Mvua zikaja. Mkewe Fuko akatuma salamu: "Baba watoto, njoo ufukue, nidondoshe."

"Kuna kikao, mama watoto. Msimu ujao."

Msimu ukaja. "Kuna kamati, mama watoto. Msimu ujao."

Mama wa watu akashika jembe, akafukua mwenyewe, akadondosha mwenyewe. Msimu wa tatu mgongo ukagoma. Akaliweka jembe kwenye tuta, akalala ndani siku saba. Siku ya nane Ngiri, mwenye watoto saba na kipande kisichotosha hata wawili, akaliokota.

Kesi ikafika bungeni. Mkewe Fuko akakaa nyuma, kashika kiuno.

"Mheshimiwa, sikuiba," Ngiri akasema. "Nimefuata ulichoandika."

Kiboko akainama kwenye sikio la Fuko, sauti tamu. "Tuifute tu hii sheria, mjomba. Wewe urudishiwe shamba lako, mimi bonde langu."

Fuko akaweka kidole kwenye karatasi. Akasoma herufi moja moja, polepole, kama anayetafuta moja ya kumhurumia. Hakuiona. Alikuwa ameandika vizuri.

"Wanaotaka sheria ibaki?" akauliza.

Mkono wa kwanza kunyooka ulikuwa wa Fuko.

Njiani mkewe akasema, "Umesoma vizuri, mheshimiwa." Hakumwita baba watoto.

Walipofika, mbele ya mlango palikuwa na udongo kidogo, upana wa mkeka. Fuko akapiga magoti. Chwa... Kucha zikapinda. Miaka ya viti ilikuwa imezilainisha. Akajaribu tena. Mkewe alikuwa amesimama pale pale, kashika punje moja, anasubiri shimo.

Basi hadithi yangu nimeilaza chini. Atakayeiokota ni yake. Na funzo lake ni hili: mkulima, liache shamba, ukagombee. Bungeni hakuna magugu.

Mimi natoka, nina tuta moja sijalipalilia. Nitarudi, wanangu. Msimu ujao.