Korongo Kati ya Shule Mbili

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, kata moja kame ya Ugogo ilikuwa na shule mbili, na katikati yake korongo. Ng'ambo walikuwa na walimu na vitabu. Huku alikuwepo Mwalimu Chilewa peke yake, akitoka darasa hili akiingia lile. Kila mwaka aliomba walimu, kila mwaka akaambiwa na afisa elimu asubiri, na kila mwaka watoto wake wakafeli.

Mwisho akachoka. Akawaambia wazazi mkutanoni, "Darasa la saba wavuke, wakasome ng'ambo." Wazazi wakakubali.

Watoto wakavuka. Wakaanza kufaulu majaribio, na Chilewa akaanza kupata usingizi.

Asubuhi moja mawingu yalitanda milimani. Matika, binti wa Nyemo, akasema, "Mama, leo nibaki."

"Nenda, mwanangu," Nyemo akajibu. "Mimi nilibaki, na unaniona nilivyo."

Jioni ile Mwalimu Mazengo wa ng'ambo aliwaweka watoto kwa masomo ya ziada, maana mtihani ulikuwa umekaribia. Walipoachiwa, Matika alitangulia. Alikuwa katikati ya korongo maji yaliposhuka kutoka milimani. Wenzake walikuwa bado ukingoni. Walimwita mpaka sauti zikawakauka.

Matokeo yalipotoka, kata iliongoza wilaya nzima. Wenzake Matika wote walichaguliwa kwenda sekondari. Ngoma ikapigwa, na afisa elimu akaja kutoa pongezi. Chilewa aliipita ngoma, akaenda kwa Nyemo. Akamkuta Mazengo ameketi mkekani, kainamisha kichwa.

"Mama Matika," Chilewa akasema, "kosa ni langu. Mimi ndiye niliyesema wavuke."

"Kosa ni langu," Mazengo akasema. "Mimi ndiye niliyewachelewesha."

Nyemo akatikisa kichwa. "Kosa ni langu. Mwanangu aliomba kubaki, nami nikamtoa nyumbani."

Kule uwanjani afisa elimu alikuwa akishangiliwa, na sauti ilifika mpaka mkekani. Chilewa aliwaza: wangebaki huku, wote wangefeli, na Matika angekuwa hai. Akalia mbele ya mama wa watu.

Haya, nanyi mliokaa kunisikiliza, semeni. Je, kifo cha Matika mngemtwika nani?