Shimo Mwisho wa Mstari wa Pili

Palikuwa na binti mmoja aliyegeuza kabati la nguo kuwa studio. Tumwite Tusekile. Aliishi kwenye chumba cha kupanga, katika mji wa milimani ambako mvua haipiti, inakaa. Nguo za kukunjwa alizitoa zote kabatini, makoti akayaacha yaning'inie, maana makoti hunyonya sauti. Akapigilia blanketi kila upande. Godoro akalisimamisha mlangoni, likawa ukuta. Simu yake akaifunga kwenye henga ya kutundikia nguo kwa kipande cha mpira wa baiskeli, ikaning'inia mbele ya mdomo wake. Katikati ya mdomo na simu akaweka chujio la chai lililovalishwa soksi, ili pumzi ya maneno makali isiipige simu. Hizo ndizo zilikuwa mashine zake zote. Studio ya kulipia ilikuwapo mjini, lakini hakuwa na uwezo wa kuingia humo, na tena hakutaka msaada wa mtu yeyote.

Kwa nini hakutaka msaada? Turudi nyuma kidogo.

Tusekile alikuwa mwimbaji wa kwaya ya kanisa, sauti ya pili. Mwaka huo alitunga wimbo wake wa kwanza, wimbo wa sikukuu ya mavuno. Mwalimu wa kwaya aliupenda na akasema utaimbwa siku hiyo mbele ya watu wote. Ndugu zangu, mnaijua raha hiyo? Kitu ulichokuwa ukikinong'ona peke yako ukiosha vyombo, leo kinaimbwa na watu wengi kwa pamoja, na kila neno ni lako.

Lakini mazoezini kulikuwa na jambo lililomkera. Kushoto kwake alisimama mwanamke aitwaye Bupe, muuza ndizi sokoni, na Bupe alikuwa anaburuta. Wenzake wakifika pa kuvuta pumzi, yeye bado yuko kwenye noti ya mwisho. Wakianza mstari unaofuata, yeye anaingia nyuma yao. Anachelewa kutoka, anachelewa kuingia. Wanakwaya walishamzoea, wakampa na jina: Trela. Walisema lori likifika, msifunge geti, trela linakuja. Bupe alicheka pamoja nao.

Tusekile hakucheka. Alimlalamikia mwalimu. Mwalimu akamjibu kwamba na yeye anamsikia Bupe, lakini kila akiusikiliza wimbo mzima anaona umekaa vizuri, basi hajui amrekebishe nini. Jibu hilo likamchoma Tusekile zaidi. Jumamosi moja akasimamisha mazoezi katikati.

"Dada Bupe, huu wimbo nimeutunga mimi," alisema mbele ya wote. "Kama utauburuta hivi, nitauimba mwenyewe."

Baba mmoja wa besi akauliza kutoka nyuma, "Sauti zote nne?"

"Zote nne. Na siku ya mavuno mtawekewa kwenye spika za kanisa, msikie wimbo usio na trela."

Kwaya nzima ikaangua kicheko. Safari hii Bupe hakucheka. Aliangalia viatu vyake tu. Tusekile akachukua mwavuli wake akatoka, na tangu hapo hakukanyaga mazoezini. Mnaona alivyojifunga? Ameahidi mbele ya watu. Wimbo ukitoka vibaya, atakuwa ameupoteza wimbo wake wa kwanza na nafasi yake katika kwaya kwa pamoja.

Basi akaingia kabatini. Aliimba sauti ya kwanza, akaihifadhi. Akavaa hedifoni, akaisikiliza huku akiimba ya pili juu yake, kisha ya tatu juu ya hizo mbili. Mvua ikianza kugonga bati, kazi inasimama. Ikinyamaza, anarudi ndani, anavuta godoro, anaendelea, jasho likimtiririka.

Besi ndiyo iliyomtesa. Sauti ya binti itashuka mpaka wapi? Alijaribu hiki na kile, akagundua kwamba akiamka tu, kabla hajanywa hata maji, sauti yake huwa nzito na ina mikwaruzo. Kwa hiyo besi akairekodi kwa vipande, kila asubuhi mstari mmoja. Haukupita muda mwenye nyumba akamwita pembeni.

"Mwanangu, mgeni sikukatazi," akamwambia kwa upole. "Ila huyo mwanaume anayeguna humo ndani kila kukicha, mbona simwoni akitoka?"

Tusekile alicheka mpaka akashika ukuta. Akamwekea ile besi asikilize. Mwenye nyumba akasikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa, akasema afadhali angekuwa mwanaume kweli.

Siku ikafika sauti zote nne zikawa tayari. Alizipanga kwenye simu, akakaa kitandani, akaucheza wimbo wake wote kwa mara ya kwanza. Ulikuwa mzuri. Sauti zilikwenda sawa kama meno ya kitana, hakuna aliyetangulia, hakuna aliyebaki. Mstari wa kwanza ukapita. Mstari wa pili ukafika mwisho, na wimbo ukafa.

Haukufa kwa muda mrefu. Ilikuwa kama unatembea na mtu mkizungumza, unageuka, hayupo, halafu huyu hapa tena. Akarudia kusikiliza. Shimo lilikuwa palepale, na lilikuwapo katika kila ubeti.

Mwanzoni aliishuku simu. Akaipeleka kwa fundi, naye fundi akavaa hedifoni zake na kusikiliza kwa makini. "Dada, simu ni nzima," akasema. "Hapo hakuna kilichokatika. Hapo hakuna kitu kabisa." Akarudi nyumbani akashuku mablanketi, akayabandua, akaimba upya. Shimo likabaki. Akaongeza mwangwi, na mwangwi ukaingia shimoni ukatoka, sasa likawa shimo lenye mapambo. Akajaribu kuunganisha mstari wa pili na wa tatu bila kupumua. Kichwa kikamzunguka, na mstari wa tatu ukatoka mwembamba kama wa mgonjwa.

Hapo angalau alijua jambo moja: shimo lilikuwa pumzi yake. Watu wake wanne walikuwa na mapafu mamoja. Walipumua pamoja, wakanyamaza pamoja.

Lakini jibu hilo halikumtosha. Kwenye simu alikuwa na rekodi ya mazoezi aliyoichukua kabla ya ule ugomvi. Akaisikiliza. Kwaya nayo ilipumua mwisho wa mstari wa pili, palepale, kama mwalimu alivyowaelekeza. Alizisikia pumzi zenyewe zikiingia, puu, kama mlango unafunguliwa. Na wimbo haukukatika. Mbona haukukatika? Wote wamepumua, ni nani basi aliyekuwa anaimba?

Swali hilo lilimshika. Alipika akijiuliza, akafua akijiuliza. Aliirudisha rekodi ile mara nyingi, akibana hedifoni kwa viganja, na chini ya pumzi zile akasikia kitu chembamba kinachopita, kama uzi. Hakujua ni sauti ya nani. Hata hasira ilianza kumtoka bila mwenyewe kujua, kwa sababu ni vigumu kukasirika na kudadisi kwa wakati mmoja.

Ninyi mnaonaje? Uzi ule ulikuwa wa nani?

Sasa, kwaya ile ilikuwa na desturi yake. Anayeacha mazoezi kwa muda mrefu anarudisha sare. Lakini haipeleki ofisini, wala viongozi hawatumwi kuichukua. Anayetumwa ni yule aliyekuwa akisimama karibu nawe mstarini, ili akuage kwa niaba ya wote. Kwa hiyo alasiri moja, mvua ikiwa imeshaanza, hodi ikabishwa, na pale mlangoni alisimama Bupe, kitenge kimelowa mpaka magotini.

Alisema ametumwa sare. Tusekile akaitoa, imekunjwa vizuri. Wote wawili waliona haya. Lakini mvua ilikuwa kubwa na mtu hafukuzwi mvuani, akamkaribisha akae akamwekea chai. Ili chumba kisiwe kimya, au labda kwa sababu bado alikuwa anatamani kuonyesha alichokifanya, akaubonyeza wimbo wake ukaanza kulia kwenye spika ndogo iliyokuwa mezani.

Bupe alikuwa anaitia sare kwenye mfuko wa plastiki. Midomo yake ikaanza kucheza. Mstari wa kwanza. Mstari wa pili. Ukafika mwisho, zile sauti nne zikanyamaza, na Bupe, bila kuinua macho kutoka kwenye mfuko, akaishika noti. Taratibu, kwa sauti ndogo. Akaivusha mpaka ng'ambo, mpaka mstari wa tatu ulipoingia, ndipo akapumua.

Shimo halikuwapo.

Tusekile alibaki ameshika birika hewani. Akaurudisha wimbo nyuma. Bupe akafanya vilevile, kisha akagundua kwamba anatazamwa, akaziba mdomo.

"Nisamehe, dada. Ni mazoea," akasema. "Ndiyo hiyo trela yangu."

"Hapana, ngoja. Kwa nini hupumui hapo?"

Bupe akamshangaa, kama mtu aliyeulizwa kwa nini anafunga mlango. "Nikipumua na mimi, wimbo atabaki nao nani?"

Akamweleza. Alipowekwa kusimama karibu na Tusekile kwa mara ya kwanza, alimsikia akiishiwa pumzi kila walipofika pa kupumua. Akaona ni afadhali ashike kidogo, mwenzake apumue. Baadaye akasikia kwamba safu nzima inapumua hapo. Basi akaendelea kushika. Yeye hupumua baadaye, wengine wakishaingia, mahali ambapo hakuna anayehitaji sauti yake. Alishika katika nyimbo zote, hata katika wimbo huu mpya, siku ile alipoambiwa mbele ya watu kwamba anauharibu.

"Mbona hukuniambia?" Tusekile akauliza. "Watu wamekuita Trela, na mimi nikiwa wa kwanza."

"Ningekuambia, ungeanza kujibana usipumue. Mimi nilitaka uimbe."

  Tusekile akainuka, akaenda kabatini, akaifungua simu kutoka kwenye ile henga. Akaitoa sare mfukoni, akaitundika pale simu ilipokuwa.

"Sasa nikawaambie nini walionituma?" Bupe akauliza.

"Waambie nitaileta mwenyewe. Nikiwa nimeivaa."

Siku ya mavuno ikafika. Mbele ya kanisa kulikuwa na mikungu ya ndizi, viazi na magunia ya maharage. Spika hazikucheza wimbo wowote. Kwaya ilisimama, na Tusekile alikuwa mahali pake, baada ya kuomba radhi Jumamosi iliyotangulia, mbele ya walewale waliocheka. Wakaanza wimbo wake. Mstari wa kwanza ukapita. Mstari wa pili ukafika mwisho, na safu nzima ikavuta pumzi.

Tusekile hakuvuta. Alikuwa amejiwekea akiba ya pumzi tangu katikati ya mstari, akashika noti, mishipa ya shingo ikimsimama. Alimgusa Bupe kiwiko. Bupe akageuka, akamtazama, akaelewa. Na kwa mara ya kwanza tangu wasimame pamoja, mwanamke yule alipumua wakati watu wote wanapumua.

Ndugu zangu, waumini waliokuwa wamekaa hawakusikia tofauti yoyote. Wimbo ulikwenda vilevile.

Sasa tujitazame sisi. Sisi ni hodari wa kusikia anayechelewa. Tunaye nyumbani, tunaye kwenye jumuiya, tunaye hata kwenye benchi tulilokalia leo. Yule dada ambaye ibada ikiisha hatoki haraka, tunamngoja nje tukinung'unika, kumbe ndani anamsikiliza mjane ambaye sisi tulimpungia mkono tu. Yule ndugu anayerudia sala fupi ileile mpaka tunamcheka, kumbe ndiye aliyeendelea kuliombea jina lako mwaka ule ulipokosa nguvu ya kuomba. Mama anayekaa mezani wa mwisho, chakula kimeshapoa, nasi tunamwambia, "Mama na wewe, mbona hukai na wenzako?" Tumewahi kujiuliza anachelewa kwa ajili ya nani?

Mungu hutushika tunapoishiwa pumzi, hilo tunaliamini na tunaliimba. Lakini tunategemea atushike kwa sauti ya radi. Je, kama mara nyingi anatumia koo la mtu tuliyempa jina la utani? Tutamtambua vipi, kama tumejifungia kabatini na sauti zetu nne, zote zetu?

Na msidhani Tusekile alikosea kwa kurekodi peke yake. La. Bila kabati lile asingelisikia shimo. Alikosea alipodhani kwamba asichokisikia hakipo. Heri yake kwamba alipolikuta shimo hakulifunika tu, alitaka kujua. Sisi tukikuta mahali maisha yetu yamekatika tunakimbilia kwa fundi, tunaongeza mwangwi. Tuulize kwanza: zamani hapa palikuwa hapakatiki. Ni nani alikuwa amesimama hapa, na tulimwambia nini hata akanyamaza?

Basi tusimame. Tutaimba wimbo tunaoujua wote, hauhitaji kitabu. Ukifika mwisho wa mstari wa pili, usikimbilie kupumua. Shika kidogo, ili na aliye kushoto kwako apumue.